Handaki ndani ya boksi: wiki ya tano

Wiki nne zote boksi langu limenipa jibu lile lile: nikikaza jeki, handaki linabonyea kama chungu kibichi kilichokaliwa. Jumamosi hii limenipa jibu jingine.

Kwa anayeanza kusoma leo: naigiza mezani yanayotokea Bure, mashariki mwa Ufaransa, ambako shirika la Andra lina maabara mita 490 chini ya ardhi, kwenye mwamba wa udongo wenye umri wa miaka milioni 160 hivi. Wanauchunguza kwa ajili ya kufukia taka za nyuklia. Baadhi ya mahandaki yao yamechimbwa kufuata uelekeo wa mgandamizo mkubwa wa mlalo, kwa hiyo kuyazunguka, mgandamizo wa juu na wa ubavuni unakaribia kulingana, kama megapaskali 12 kila mmoja. Ungedhani nyufa zitalizunguka handaki kama pete. Wapi! Zinakimbilia kushoto na kulia, umbali unaokaribia upana wa handaki lenyewe, huku juu na chini hazifiki mbali.

Mshukiwa mkuu ni tabaka. Tope lile lilitua baharini jani juu ya jani, na mwamba haukusahau. Mimi nilikuwa nashindilia udongo wa ufinyanzi kama donge moja. Uvivu tu.

Safari hii niliusukuma kwa chupa hadi ukawa shuka za nusu sentimita, nikanyunyiza jivu katikati ya kila mbili. Seti ya kwanza nilisahau kuifunika gunia bichi. Asubuhi ilikuwa imepasuka yenyewe kwa kukauka, sikuweza tena kujua ufa upi wa jua na upi wa jeki. Nikaitupa.

Seti ya pili, shuka zikiwa zimelala: dari la handaki lilipinda kwenda chini, na kupitia kioo nikaona mistari ya jivu ikifunguka mmoja mmoja. Seti ya tatu nilizisimamisha wima. Hapo ndipo kuta za pembeni zilipoanza kujikunja kuingia shimoni, shuka ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu ikavunjika kwa mlio wa muhogo mkavu. Udongo ule ule, jeki ile ile, bomba lile lile la inchi tatu la kutobolea. Kwenye maabara nyingine ya chini ya ardhi, Mont Terri kule Uswisi, iliyo ndani ya mwamba wa udongo uitwao Opalinus, kujikunja kwa namna hii kunaonekana pale tabaka zinapopita sambamba na ukuta wa handaki.

Usiku nilidondosha maji kwenye ufa kwa bomba la sindano. Kulipokucha ulikuwa umeziba. Mwamba halisi nao huziba nyufa zake, kwa kuwa madini ya udongo hunywa maji yakavimba, lakini wangu ulilainika tu ukawa uji. Hilo silihesabu.

Na bado sijaifikia Bure, maana jeki yangu inakandamiza kutoka juu peke yake. Nahitaji ya pili ya ubavuni. Nimeshamwendea fundi wa gereji.

"Kaka, ile ya kwanza umeirudisha?"

Nimemwambia Jumatano.