Nilivyohangaika na Jogoo Mkali Uani Kwangu

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka mitano siku jogoo alipomrukia usoni. Alitoka jikoni na kipande cha muhogo mkononi, akakatiza uani kumfuata bibi yake aliyekuwa anachambua mchicha barazani. Nilisikia mbawa kwanza, mpapatiko mzito kama mtu anakung'uta mkeka, halafu ukelele. Nilipofika, jogoo alikuwa ameshatua na anamzunguka kwa upande, bawa moja linaburuta chini. Shavuni kwa mtoto kulikuwa na mchubuko mrefu, na mwisho wake tundu dogo linalovuja damu. Nilipima: vidole viwili tu kutoka kwenye jicho.

Tulimwosha kwa sabuni na maji ya bomba, tukampeleka zahanati. Nesi aliomba kadi ya kliniki, akaangalia kama chanjo za pepopunda zimekamilika, maana tundu la namna ile linakuwa jembamba lakini limeingia ndani, na miguu ya jogoo kutwa nzima inachakura samadi. Chanjo zilikuwa zimekamilika, namshukuru Mungu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimembeba mgongoni, na mawazo yangu yalikuwa kwa jogoo. Yule nilimlea mwenyewe.

Komando, ndivyo watoto walivyomwita, nilimnunua akiwa pora wa miezi mitatu, hajajua kuwika. Naishi Morogoro, nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Wakati ule nilikuwa na matetea saba, wa mayai ya nyumbani, ya kuwauzia majirani kidogo, na kitoweo mgeni akifika. Nilitaka kuingiza damu ya kuchi, aina mojawapo ya kuku wa kienyeji, kwa sababu ya umbo. Kuchi ni mrefu, shingo ndefu, mdomo mfupi uliopinda, na jogoo wake akikomaa ana uzito wa kuridhisha, wakati ching'wekwe wa huku kwetu ana miguu mifupi na mwili mdogo. Nilichokuwa sijakitilia maanani ni kwamba kuchi ni ukoo wa kuku wa kupigana. Wafugaji wazoefu wanaijua sifa hiyo. Mimi niliangalia nyama.

Halafu tukamdekeza. Watoto walimlisha ugali kiganjani, wakampakata, akawa analala miguuni pao kama paka. Tulifurahi sana kuona kuku mpole namna ile. Leo nikiona mtu anampakata pora namwambia aache, ampakate tembe, kuku jike ambaye hajaanza kutaga, kama anapenda kupakata kuku. Pora aliyezoea watu tangu utotoni hana woga nao, na akishabalehe hakukwepi kama kuku wengine wanavyokukwepa. Anakuhesabu kuwa jogoo mwenzake, na majogoo wawili katika ua mmoja lazima wajuane nani mkubwa.

Alipofika miezi saba hivi, sauti ikakomaa na tabia ikabadilika. Alianza na kandambili: ukipita anazidonoa. Baadaye akahamia kwenye vifundo vya miguu, kisha akaanza kuruka. Jirani akiegesha gari karibu na uzio wetu, Komando alikuwa anapigana na sura yake mwenyewe kwenye bampa mpaka mdomo unatoka damu. Na sisi tukajibu kama watu wengi wanavyojibu. Nyumba nzima tulitembea na fagio la chelewa. Mwenye fagio alimchapa, asiye na fagio alikimbia. Mara mbili nilimpiga teke, na nasema hili kwa masikitiko, kwa sababu halikumfanya aogope hata kidogo. Alirudi na nguvu mpya. Kila pambano likiisha alipanda juu ya jiwe la kufulia, akapiga mbawa zake na kuwika.

Siku ya pili baada ya mtoto kuumia, mzee jirani yetu alikuja kutupa pole. Amefuga kuku tangu ujana wake huko Tabora.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu anaendeleaje?"

Nikamwambia anaendelea vizuri, na kwamba jogoo nitamchinja Jumapili. Akanyamaza kidogo, akamtazama Komando aliyekuwa amefunikwa na tenga.

"Wa kwako huyo, ukitaka kumchinja mchinje. Lakini utanunua mwingine, na usipojua huyu ameanzaje, yule naye atakushinda. Mfungie watoto mlango wa uani, halafu kaa umtazame. Jogoo haruki bila kuaga."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nichukue daftari. Kwa wiki mbili watoto hawakukanyaga uani, na mimi kila nilipoingia nilivaa gamboti na kushika mfuniko wa ndoo kubwa. Kila aliponijia niliandika: saa ngapi, nilikuwa nimeshika nini, kuku wengine walikuwa wapi. Alinijia mara kumi na moja, na nane kati ya hizo ilikuwa asubuhi, muda mfupi baada ya kufungua banda, nikiwa na beseni la pumba na nimesimama katikati yake na matetea. Mara moja nilikuwa nimemkamata tetea na tetea anapiga kelele. Nyingine mbili nilikuwa nimempa mgongo. Nikiwa nimekaa kwenye kigoda bila kitu mkononi hakunijia hata siku moja.

Na kweli, alikuwa anaaga. Kwanza anaacha kula na kusimama wima, jicho moja limekulenga. Anashusha bawa la upande wa kwako na kutembea kimshazari, hatua fupi fupi, kama anapita tu. Anainama kudonoa chini, lakini ukiangalia vizuri hali kitu. Anaokota kijiti na kukiangusha, anaokota tena. Hapo una sekunde chache. Manyoya ya shingo yakishafutuka kama mwavuli, anaruka. Mwaka mzima nilikuwa naziona dalili hizi na kuzidhania madaha. Ile ya kushusha bawa anaifanya hata akimtongoza tetea, kwa hiyo nilikuwa nacheka.

Nilianza na asubuhi. Chakula nikawa nakimwaga usiku, kuku wakiwa wamelala, ili nikifungua banda wakikute tayari na mimi niwe pembeni. Kwa kubadilisha hilo peke yake, mashambulizi mengi yaliisha. Jioni, dagaa na masazo niliyatupa mwisho wa ua, mbali na mimi. Hapo nilimwona jogoo akifanya kazi yake nzuri: anaokota dagaa, anaiangusha, anaita kwa ile sauti ya ko-ko-ko ya haraka haraka, matetea wanakimbilia, na yeye hali mpaka wameshapata. Kulisha kwa mkono nilikupiga marufuku.

Pia nilihesabu upya. Matetea walikuwa saba, lakini wawili walikuwa wanaatamia na mmoja analea vifaranga. Waliobaki wanne walikuwa wanapandwa kutwa, migongo imenyonyoka manyoya mpaka ngozi inaonekana. Na palikuwa na pora mwingine, mtoto wa humu humu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuwika. Jogoo mmoja anatosha matetea wanane hadi kumi, na mimi nilikuwa na jogoo na nusu kwa wanne. Nikamuuza yule pora, nikaongeza matembe watatu waliokaribia kutaga. Ugomvi ndani ya banda ulipungua wiki hiyo hiyo.

Kazi iliyobaki ilikuwa kati yangu na yeye. Akianza kuaga, sikumpiga wala sikurudi nyuma. Nilishusha mfuniko mbele ya miguu na kusimama. Akiruka anagonga plastiki, anatua, anajipanga tena. Nilisogea hatua moja kwake, polepole, nikasimama tena. Siku ya kwanza tulikaa hivyo karibu robo saa, jua linachoma, nguo zinanisubiri kwenye beseni. Nilisubiri mpaka akageuza uso na kuanza kula kwa kweli, ndipo nikaondoka, tena bila kumpa mgongo. Ukiondoka kabla hajageuka umempa ushindi. Ukimfukuza baada ya kugeuka umeanzisha ugomvi mpya.

Usiku nilimfuata kwenye kichanja. Kuku gizani haoni, anakuwa mtulivu hata awe mkali namna gani. Nilimchukua kwapani, mbawa zimebanwa, miguu nimeishika kwa mkono mmoja, nikakaa naye barazani dakika kumi. Siku za mwanzo nilisikia moyo wake unakwenda mbio kwenye kiganja changu, kasi ya kutisha. Baada ya wiki ulipungua kasi, akawa anafumba macho. Nafasi hiyo niliitumia kumkagua utitiri chini ya mbawa, na ilipofika zamu ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku, lile tone la jichoni tunalorudia kila baada ya miezi mitatu, hakuhitaji watu wawili wa kumshika kama zamani.

Vipi vyake, ile miiba ya nyuma ya miguu, tulivipunguza na babu usiku mmoja. Ndani ya kipi kuna mfupa wenye damu, na ganda la nje ni kama ukucha, kwa hiyo ukikata sana unamtesa na anatoka damu nyingi. Babu alimfunga kwa khanga kichwa kikiwa kimefunikwa, mimi nikakata ncha tu kwa msumeno wa chuma, kisha nikalainisha kwa tupa mpaka ikawa butu kama kidole. Unga wa ngano ulikuwa kwenye kisahani kwa ajili ya kuzuia damu, ila haukuhitajika. Ukali hauondoki kwa kukata kipi, lakini siku akikupata hakutoboi.

Wiki ya tatu niliona mabadiliko. Wiki ya sita nilikuwa napita naye hatua mbili, ananitazama, anaendelea kuchakura. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nikaita watoto waje wamwone kupitia wavu.

Yule mdogo aliposogea tu, Komando aliruka. Wavu ulimzuia, lakini alijibamiza mara tatu, miguu mbele, kwenye usawa wa uso wa mtoto. Mwanangu hakulia. Alijificha nyuma yangu akashika gauni langu, na nilihisi anatetemeka.

Nilimjengea kizuizi chake cha mita tatu kwa nne, nikakaa naye mwezi mwingine. Aliukanyaga ukingo wa wavu kwenda na kurudi mpaka ardhi ikawa na njia. Kwangu mimi alikuwa ametulia. Kwa mtu mfupi anayekimbia na kupiga kelele, hapana, na mtoto wa miaka mitano huwezi kumfundisha asimame kama mlinzi kila akitoka nje. Nilishauriwa nimpeleke sokoni, nimuuze nisiseme kitu. Sikuweza. Aliyemnunua naye angekuwa na uani kwake, pengine na mtoto wa umri ule ule. Tulimchinja Jumamosi moja asubuhi, nyama yake ikakaa jikoni kwa muda wa karibu saa tatu ndipo ikalainika, na watoto wakubwa waliomba wapikiwe maharage.

Mayai yake sikuyaatamisha. Tetea anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wiki mbili au zaidi baada ya jogoo kuondoka, na sikutaka watoto wa ukoo ule, kwa sababu ukali unarithiwa. Mwezi mzima mayai yote tulikula na kuuza.

Jogoo niliye naye sasa nilimtafuta kwa utaratibu mwingine. Sikununua pora. Nilitaka aliyepita mwaka mmoja, ambaye tabia yake imeshajulikana, na nilikwenda kukaa uani kwa mwenye kuku kwa saa nzima. Niliwaangalia watoto wa nyumba ile wakipita na ndoo. Nilimwomba mwenyeji anikamatie tetea apige kelele mbele ya jogoo. Alikuja mbio, akasimama hatua tatu kutoka kwetu, akalalamika kwa sauti, akatuzunguka kwa mbali, basi. Nikalipa shilingi 35,000 bila kuomba kupunguziwa. Ni ching'wekwe, mfupi, mwekundu, si wa kumtamani kwa kilo zake. Alikaa peke yake wiki mbili kabla sijamchanganya na wengine, kwa kuogopa kuingiza ugonjwa.

Mwanangu alichukua muda mrefu kurudi uani. Alianza kwa kukaa mlangoni, halafu kwenye kigoda karibu nami, halafu akawa anatupa pumba mwenyewe akiwa amesimama nyuma ya karo. Wiki iliyopita alikuwa katikati ya ua, anawamwagia mchicha, mimi naanika nguo. Jogoo akanyanyua kichwa ghafla, akatoa ule mlio mrefu mwembamba wa hatari. Matetea wote wakatimka kuingia chini ya migomba, na mtoto naye akatimka nao, akachuchumaa humo humo katikati yao. Niliangalia juu: mwewe, anazunguka juu ya paa la jirani. Jogoo alibaki peke yake uwanjani, shingo imesimama, jicho moja limeelekea angani. Mwewe alipoondoka aliwaita kwa ko-ko-ko. Wakatoka mmoja mmoja, na mwanangu wa mwisho, akipangusa udongo magotini.