Uyoga aliokula mdogo wangu

Kila nikisikia mtu akisema uyoga wa maruweruwe hauna shida kwa sababu ni kitu cha asili, moyo hunienda mbio. Mdogo wangu naye alisema hivyohivyo. Alikuwa amesoma sana, akanitajia vyuo vikuu, akanitajia watu waliopona huzuni ya miaka mingi. Na hakudanganya. Ila kuna sehemu ya habari ile aliyoiruka, na ndiyo inayonikosesha usingizi mpaka leo.

Aliyempa uyoga huo aliondoka mapema. Yeye akabaki peke yake chumbani, kisha akanipigia simu akilia. Nilipofika taa ilikuwa inawaka, lakini mboni za macho yake zilikuwa zimetanuka hata ile rangi ya kahawia ilibaki ukingo mwembamba tu kuzunguka weusi. Alikuwa ameshatapika. Jasho linamtoka, mikono miwili imeshika ukuta, ananiambia ukuta unapumua. Mwanzoni hilo lilimfurahisha. Halafu hofu ikamwingia ghafla, akanigeukia akauliza, "Dada, nimekufa?"

Nikamjibu, "Hujafa. Umekula uyoga. Itapita."

Baada ya dakika chache akauliza tena. Kwake yeye usiku ule ulikuwa umekwisha na mwingine umeingia, na mimi nilikuwa nimemwacha nikarudi. Nilijifunza kutobishana naye. Nilizima taa kubwa nikaacha ndogo, nikafunga muziki, nikachukua ufunguo wa pikipiki nikautia mfukoni, nikakaa sakafuni karibu naye. Nilikuwa namtajia jina lake, jina langu, na mahali tulipo. Alfajiri ilipokaribia akaanza kuniuliza maswali ya mtu wa kawaida, akaomba maji.

Siku zilizofuata nilisoma kila nilichoweza kukipata. Kemikali yenyewe inaitwa psilosibini. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa psilosini, ambayo umbo lake linakaribiana na serotonini, kemikali ya asili ya ubongo inayohusika na hisia, na hushika vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo serotonini huvitumia. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi saa moja, na hudumu kwa saa 4 hadi 6. Hapo katikati ndipo wengi huponzeka: mtu anakula, anangoja, haoni kitu, anaongeza. Halafu vyote viwili vinampanda kwa pamoja. Na nguvu ya uyoga mmoja si sawa na ya mwingine, hata ukiwa umevunwa mahali pamoja, kwa hiyo kupima kwa jicho ni kubahatisha.

Nilisoma pia habari za María Sabina, mganga wa Wamazateki huko Huautla de Jiménez, katika jimbo la Oaxaca, Meksiko. Watu wake wameujua uyoga huu kwa vizazi. Uliliwa usiku, kwa sababu ya ugonjwa au shida fulani, na mganga akiwapo akiimba na kuomba hadi mwisho. Mwaka 1955 mfanyakazi wa benki kutoka New York, Gordon Wasson, aliruhusiwa kushiriki, na mwaka 1957 akaieleza habari hiyo katika jarida la Life. Wageni wakamiminika kijijini wakitafuta raha. Mama yule alilaumiwa na jamaa zake mwenyewe, na nyumba yake ikachomwa moto. Habari yake iliniuma. Dunia ilichukua uyoga ikamwacha mganga, yaani ikaacha kukaa na mlaji, jambo ambalo kwa Wamazateki lilikuwa sehemu ya dawa yenyewe.

Hospitali zinazofanya utafiti hazijaliacha. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022 lilikuwa na wagonjwa 233 wa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine. Waliopewa miligramu 25 za psilosibini ya maabara walipata nafuu zaidi, wiki tatu baadaye, kuliko waliopewa miligramu 1. Ni habari njema, naiamini. Australia imeruhusu tangu Julai 2023 madaktari wa akili walioidhinishwa kuitoa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Lakini katika jaribio lilelile, kila kundi lilikuwa na watu waliopatwa na mawazo ya kujiua au waliojidhuru. Wataalamu walikuwapo kuwafuatilia. Na kabla ya yote, washiriki walichujwa: mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili hapokelewi, na tafiti nyingi za aina hii humkataa hata yule ambaye ndugu yake wa karibu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwapo.

Mama yetu mdogo ana skizofrenia. Tumekua tukimwona. Mdogo wangu ananukuu tafiti ambazo zenyewe huwa na hofu kubwa na watu wenye damu kama yetu. Hiyo ndiyo sehemu aliyoiruka, na ndiyo wanayoiruka wote wanaosambaza habari hizi kwa shauku. Uyoga unaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umelala ndani ya mtu, na ukishaamka, hausubiri saa 6 ukaondoka.

Simdanganyi mdogo wangu ili kumtisha. Nimemwambia wazi kwamba uraibu wa uyoga huu ni mdogo sana ukilinganisha na pombe, na kwamba psilosibini yenyewe ni nadra kuua. Kinachoua ni mambo yanayouzunguka. Mtu anaingia barabarani, au anaruka kutoka juu. Mtu anayetumia litiamu, dawa ya ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, anaula na kupata degedege. Mwingine anaacha ghafla dawa zake za sonona ili uyoga "ushike" vizuri, kisha ugonjwa unamrudia kwa kishindo.

Tena kuna kosa la kuchuma. Daktari wetu aliomba aone mabaki, nikampelekea ile pakiti. Ndani kulikuwa na vipande vikavu vya kahawia vilivyosagika, vijiti vyembamba na unga chini. Akavigeuza, akasema hakuna anayeweza kuutambua uyoga kwa hali hiyo. Upo mmoja uitwao Galerina marginata, mdogo, wa kahawia, huota kwenye magogo yanayooza, na watu huufananisha na wa maruweruwe. Una sumu ileile ya uyoga mwingine hatari uitwao uyoga wa kifo, nayo huharibu ini. Tumbo huanza kuuma baada ya saa 6 hadi 12 au zaidi, mgonjwa anaharisha na kutapika, kisha anapata ahueni, anadhani amepona, kumbe ini linakufa. Huo nao ni wa asili. Ndiyo maana mabaki hayatupwi: yanakwenda hospitali pamoja na mgonjwa, na daktari anaambiwa ukweli wote. Na akizimia, akipata degedege, akichemka mwili au akitaka kujidhuru, usingoje kupambazuke.

Mdogo wangu hakupata sumu hiyo, namshukuru Mungu. Lakini kwa wiki kadhaa taa za usiku zilikuwa na duara za rangi, na mkono ukipita mbele yake uliacha mkia hewani. Daktari alisema hali hiyo inajulikana, kwa wengi hufifia, kwa wachache hukaa miezi au miaka. Kwake imepungua. Bado haendeshi pikipiki usiku, na bado anahudhuria kliniki ya afya ya akili, kwa sababu walitaka kumfuatilia baada ya kusikia habari za mama mdogo.

Juzi yule rafiki yake alikuja kumjulia hali. Sikumgombeza, alikuwa na huzuni ya kweli. Nilimuuliza swali moja tu: kwao kuna mtu aliyewahi kuugua akili? Akasema hajui, nyumbani hawazungumzii mambo hayo. Nikamwambia aende akamuulize mama yake, na hao wengine anaowapa nao wakaulize kwao. Akaahidi kuuliza Jumapili.