Usafi wa kinyozi tangu korona: kazi iko kati ya vichwa viwili

Machi 2020, wagonjwa wa kwanza wa korona walipotangazwa Kenya tarehe 13 na Tanzania tarehe 16, saluni nyingi ziliweka ndoo ya maji tiririka mlangoni. Vizuri. Lakini usalama wa mteja hutegemea zaidi yanayofanyika kitini, mmoja akishuka na mwingine hajakaa.

Anza na mashine. Izime, chomoa waya, sugua meno kwa brashi mpaka nywele na mafuta yatoke. Hapa ndipo wengi hukosea: hupulizia spiriti juu ya nywele, nayo huishia kwenye uchafu bila kufika kwenye chuma. Tumia spiriti yenye alkoholi asilimia 70. Ile ya 95 hukauka upesi mno, tena maji yaliyomo kwenye ile ya 70 huisaidia kuua virusi. Meno yabaki na unyevu dakika moja, yakauke kabisa, ndipo utie tone la mafuta ya mashine. Ukiwasha mashine spiriti ikiwa bado mbichi, cheche inaweza kuzua moto.

Jik, ile dawa ya klorini ya kutoa madoa, usiipeleke kwenye mashine. Klorini hula chuma, na meno yenye kutu hung'ofoa nywele. Jik ni ya viti, kaunta na vitana vya plastiki. Soma lebo: ikiwa ni asilimia 3.5, mililita 30 ndani ya lita moja ya maji baridi hutoa takriban asilimia 0.1. Osha vitana kwa sabuni kwanza, viloweke dakika 10, suuza. Changanya upya kila asubuhi kwa sababu nguvu hupungua, na usitie siki wala dawa ya choo: gesi yake huumiza mapafu.

Lile kaboksi la taa ya UV, mwanga wa kuua vijidudu, linaaminiwa kupita kiasi. Mwanga huua pale unapofika tu; vitana vikirundikwa hutiana kivuli.

Barakoa ya kamba za masikioni ilikuwa kero. Njia iliyofaa: mteja avue kamba ya upande unaonyolewa na kuishikilia barakoa kwa kiganja, kisha abadilishe. Ndevu ziachwe mwisho, kinyozi abaki na barakoa yake, mazungumzo yasubiri.

Linalonisikitisha ni taulo. Kuoshwa uso na kusingwa kumerudi, na taulo moja linapita nyuso tano. Mapunye nayo husafiri hivyohivyo. Kila mteja apate taulo lake safi, tishu shingoni, na wembe mpya unaofunguliwa akiuona.