Kutoka kaunta ya benki hadi ufundi wa viyoyozi, huku nikitibu sonona

Benki ilipopunguza wafanyakazi, nilipatwa na wasiwasi, kisha sonona, hata nikashindwa kuandika barua ya maombi ya kazi bila mikono kutetemeka. Daktari wa afya ya akili alinianzishia sertralini, dawa ya kutibu sonona, akanieleza kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, jambo ambalo kila mgonjwa anastahili kuambiwa mapema asije akaacha dawa. Fao la kukosa ajira la NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania), ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, lililipa kodi ya nyumba wakati nikisomea ufundi wa majokofu na viyoyozi katika chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe. Kupima presha ya gesi kulinituliza sana, kwani macho na akili vilibaki kwenye mshale wa geji. Sasa nahudumia viyoyozi vya maduka Kariakoo, na kliniki bado nahudhuria.