Mahabalipuram, mawe ambayo mafundi hawakuyamaliza

Watu wetu wengi wanaoenda Chennai kwa matibabu ratiba yao ni moja tu, hospitali, chumbani, duka la dawa, chumbani tena, mpaka siku ya ndege. Sasa kama mgonjwa wako ana nafuu na mmeambiwa msubiri majibu ya vipimo, msikae ndani kutazama feni, chukueni teksi mwende Mahabalipuram, mji wenye mahekalu ya kale ya mawe, ni kilomita 50 na kitu tu kusini kwa barabara ya pwani. Mimi nilikuwa nimemsindikiza mama mdogo na yeye ndo alianza, "we mwanangu, hii India tutaisimulia kwa harufu ya dawa tu?" Basi tukaenda.

Wengi wanakimbilia lile hekalu la ufukweni, na ni zuri kweli ntalisemea, ila kilichonishika mimi ni Pancha Rathas, mahekalu matano yaliyosimama mchangani pamoja na tembo, simba na ng'ombe wa mawe. Ukisikia "hekalu la mawe" unawaza mtu kapanga jiwe juu ya jiwe, hapana, hapa hakuna kilichojengwa. Kila hekalu ni mwamba mmoja wa graniti, watu wamekaa wakauondolea kila kisichotakiwa mpaka likabaki jengo lenye nguzo, ngazi za paa, vidirisha na sura za watu. Ni kazi ya karne ya 7, enzi za wafalme wa Pallava, na wengi wanampa sifa Narasimhavarman wa Kwanza aliyeitwa pia Mamalla, ndo maana mji unaitwa Mamallapuram vilevile.

Na hayakumalizwa! Angalia lile kubwa linaloitwa la Bhima, juu paa limenyooka safi lakini ukishusha macho chini unakuta jiwe bado halijachongwa vizuri, nguzo nyingine ndo kwanza zinaanza kutoka. Hapo unaelewa bila kuambiwa na mtu kwamba walianzia juu wakishuka, kwa hiyo hawakuhitaji jukwaa la kusimamia, mwamba wenyewe ndo ulikuwa jukwaa lao. Na ukikosea juu huku huna pa kuazima jiwe jingine. Kwangu mimi sehemu hizi ambazo hazijaisha zina thamani kuliko zile laini, maana kitu kilichokamilika kinakuficha kilivyofanyika.

Halafu kuna dogo la Draupadi, jamani, wamechonga paa la kibanda cha nyasi kwa graniti! Yaani mafundi walikuwa wanaiga nyumba walizozijua, za miti na nyasi, ila kwa jiwe. Mama mdogo alilizunguka akasema hili hata Lindi lingepata mpangaji.

Hekalu la ufukweni lenyewe ni la baadaye kidogo, mwanzoni mwa karne ya 8, la Narasimhavarman wa Pili, na hili sasa limejengwa kwa vipande vya mawe yaliyokatwa. Lina minara miwili, mmoja mkubwa unatazama baharini, na katikati kuna sanamu ya Vishnu, mungu wa Wahindu, amelala, amechongwa kwenye mwamba uleule uliokuwepo pale. Sisi watu wa pwani tumezoea magofu ya Kilwa, matumbawe na chokaa, jiwe jepesi ukilitoa baharini likiwa bichi unalikata vizuri tu. Graniti haina huruma hiyo. Lakini hata yenyewe upepo wa chumvi umeilamba, ng'ombe waliopangwa juu ya ukuta wengine hawana sura kabisa, ndo maana wamepanda mivinje na kumwaga mawe makubwa upande wa bahari kuzuia mawimbi. Tsunami ya Desemba 2004 ilipita hapo hekalu likabaki limesimama, na mchanga ulipoondoka yakaonekana mawe mengine ya kuchongwa yaliyokuwa yamefukiwa.

Msipite bila kuona ule mwamba mkubwa wa michoro katikati ya mji, una upana wa karibu mita 30, miungu, tembo, watu wa msituni, na pale chini kuna paka kasimama kwa miguu ya nyuma mikono juu kama mcha Mungu huku panya wamemzunguka. Nilicheka peke yangu. Miaka 1,300 iliyopita kuna fundi aliwajua wanafiki vizuri.

Kazi hiyo mjini haijafa, vibanda vya wachongaji vipo barabarani, tindo na nyundo bado zinagonga ila siku hizi na grainda ipo, vumbi tupu, na kuna chuo cha serikali cha uchongaji tangu 1957.

Nendeni asubuhi mapema, jua la jimbo hili la Tamil Nadu halitaniwi na mchanga unaunguza. Kwa wageni tiketi ni rupia 600, msiitupe mkitoka ufukweni maana ileile inawaingiza kwenye Pancha Rathas siku hiyohiyo.