Natoa hela ili mitaro izibwe

Mama yangu hafurahii. Mshahara ukiingia tu, euro ishirini zinaondoka zenyewe benki kwenda kwa taasisi moja ya hapa Finland inayonunua misitu mikongwe, na kumi nyingine zinakwenda kwenye mfuko wa kuziba mitaro kwenye vinamasi. Nilipomgusia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, Wazungu wamepungukiwa nini mpaka wewe mlea wazee uwachangie?"

Nikamwambia: mama, ni wakfu. Taasisi yenyewe inaitwa Luonnonperintösäätiö, ilianzishwa 1995. Inapokea michango ya watu kama mimi, inanunua kipande cha msitu kutoka kwa mwenyewe, kisha kinawekwa chini ya sheria ya uhifadhi. Kuanzia hapo hakikatwi tena, awe nani. Mama amekulia Pangani, jirani na msikiti wenye minazi ya wakfu, kwa hiyo hapo hakuhitaji maelezo marefu. Alichotaka kujua ni kwa nini serikali isiilinde hiyo misitu yenyewe. Sababu ni kwamba zaidi ya nusu ya misitu ya Finland ni mali ya familia. Baba anafariki, warithi wako Helsinki, hakuna anayetaka kurudi kijijini, na wanunuzi wa mbao wanapiga simu. Wanaotaka kuulinda msitu ule wanalazimika kufika sokoni na hela mkononi kama mnunuzi mwingine yeyote.

"Haya, hiyo ya misitu nimekuelewa. Na hiyo ya mitaro?" Halafu akanikumbusha ile hadithi ya Mtume, kwamba Mwislamu akipanda mti, ndege au mtu akala, basi ni sadaka yake. Hapo nikabanwa, kwa sababu ile euro kumi kazi yake mojawapo ni kukata miti.

Sisi tuliosoma Tanzania tumekua na kauli moja kichwani: kata mti, panda mti. Mwenge wa Uhuru ukipita, panda mti. Mgeni rasmi akija shuleni, panda mti. Sasa njoo Karelia Kaskazini, huku ninakoishi, wakuambie kwamba uharibifu mkubwa wa karne iliyopita ulifanywa kwa ajili ya miti. Karibu theluthi moja ya ardhi ya nchi hii ilikuwa kinamasi. Zaidi ya nusu ya vinamasi hivyo vimechimbwa mitaro, hasa miaka ya 1960 na 1970, ili maji yatoke na misonobari ikue haraka. Ni karibu hekta milioni tano. Serikali ilitoa mikopo na ruzuku. Mzee mmoja jirani yangu aliifanya kazi hiyo akiwa kijana, na bado anaizungumzia kwa fahari: nchi ilikuwa imetoka vitani, maskini, na waliambiwa wanawachimbia wajukuu wao riziki. Simlaumu hata kidogo. Lakini kwenye mamia ya maelfu ya hekta, misonobari yenyewe ilidumaa, na mitaro ikabaki.

Ubaya wa mtaro ni huu. Chini ya kinamasi kuna mboji: mabaki ya mimea ambayo hayakuoza kwa sababu yamezama kwenye maji yasiyo na hewa. Inaongezeka kama milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo mita mbili za mboji ni kazi ya miaka kama elfu mbili. Ikikaushwa inawaka, Finland imeichoma kwa miaka mingi kupata umeme na joto, na hata Rwanda kuna mtambo wa namna hiyo kule Gisagara. Isipochomwa, mtaro peke yake unatosha: maji yakishuka hewa inaingia, mboji inaanza kuoza, na kaboni ya maelfu ya miaka inapanda angani polepole bila moshi wala kelele. Duniani kote ardhi ya mboji ni asilimia tatu tu ya nchi kavu, ila imeshika kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ikijumlishwa.

Kuirudisha si kazi ya mche na kumwagilia. Kwenye eneo kubwa katapila linaingia, linang'oa misonobari iliyoota kwenye mboji kavu na kusukuma udongo urudi mtaroni. Penye mitaro midogo watu huitana, wao wanasema talkoot, sisi tungesema msaragambo. Nimewahi kwenda. Unavaa mabuti hadi magotini na kofia yenye chandarua, maana mbu wa huku hawana malaria ila wana njaa. Mnagongelea mbao wima kukatisha mtaro, mnashindilia mboji nyuma yake kwa koleo na kwa miguu. Halafu mnasimama kutazama. Maji yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Yanafika kwenye mbao, yanasita, kisha yanaanza kutambaa pembeni, kwenye ardhi ambayo haijalowa vizuri tangu enzi za yule jirani yangu. Ile mimea laini ya kijani isiyo na mizizi, ambayo ndiyo hutengeneza mboji, inarudi yenyewe baada ya miaka. Wataalamu hawafichi kwamba mwanzoni kinamasi kilicholoweshwa upya hutoa zaidi methani, gesi ambayo nayo huongeza joto duniani. Faida yake ni ya muda mrefu.

Si mbali na mji wa Joensuu kuna kijiji kinaitwa Selkie. Mwaka 2010, na tena 2011, maji yenye asidi yalitoka kwenye machimbo ya mboji ya Linnunsuo yakaingia mto Jukajoki, samaki wakafa. Udongo wa pale una salfa. Ukikutana na hewa unazaa asidi. Mtu wa pwani atalielewa hili kwa pua, kwani tope jeusi la mikoko linalonuka yai viza, ukilikausha, hufanya vivyo hivyo. Wavuvi wa Selkie walipiga kelele mpaka uchimbaji ukasimama. Baadaye ushirika wao, Snowchange, ulilinunua eneo lenyewe, na leo ni maji na ndege, wa takriban aina mia mbili. Kiongozi wao, Tero Mustonen, ni mvuvi wa kijijini pale, na mwaka 2023 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kuna jingine ambalo marafiki zangu wa hapa wananiuliza. Aliyeanzisha ule wakfu wa misitu ni Pentti Linkola, mvuvi na mwandishi aliyefariki 2020, na mzee huyu hakuwapenda binadamu. Mfano wake unaojulikana sana ni wa meli iliyopinduka na mashua moja tu ya kujiokolea. Mashua ikijaa, alisema, anayependa uhai atachukua shoka na kuikata mikono ya wanaong'ang'ania ubavuni. Mimi ni mtoto wa Pangani. Kwetu mtu akianguka majini, chombo kinageuzwa, halafu mengine yatajadiliwa ufukweni. Na sina shaka mkono wangu ungekuwa ubavuni, si ndani. Bado natoa. Mzee ameondoka na shoka lake, msitu umebaki, na sheria ya nchi hii inamruhusu yeyote kutembea na kuchuma matunda hata kwenye ardhi isiyo yake. Kila Agosti natoka vinamasini na ndoo ya lakka, yale matunda ya njano yanayouzwa ghali sokoni, na sijawahi kuulizwa natoka wapi.

Mkitaka kuchangia, mlio huku: Finland si kama michango yetu ya harusi. Anayekusanya hela kwa umma kwa kawaida anatakiwa awe na kibali kutoka polisi, na namba yake huwekwa wazi. Itafuteni kabla ya kutuma chochote. Mimi naangalia pia ramani: wamenunua wapi, wameziba mtaro upi. Zile ofa za kulipia miti ipandwe kufidia moshi wa ndege ukinunua tiketi nazipita. Mtu akinitumia picha ya mche mkononi mwa mtoto, namuuliza kwanza unapandwa kwenye udongo gani.