Mkiachana, nusu kwa nusu si lazima
Hapa Nairobi watu hudhani mkiachana mali ni nusu kwa nusu, imeisha hiyo. Wapi! Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kila mtu apate kulingana na mchango wake, lakini mchango si pesa tu, ile sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inahesabu pia kulea watoto, kazi za nyumbani, hata kusimamia biashara ya familia. Shida ni ushahidi, maana mama aliyelipa fundi na lori za mchanga kwa keshi kwa ploti ya Ruai atatoa wapi risiti saa hii? Mimi naona tuweke hata meseji za M-Pesa. Matunzo nayo, yaani pesa za kumsaidia mwenzako wa ndoa, ni mambo mengine, na korti inaweza kuagiza mke amlipe mume, wanaume wengi hata hawajui hiyo.